Msitugawe Mafungu Hapa Nakuru

Vyama vya siasa vikitafuta kura hutugawa mafungu, kila fungu na ahadi yake. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ilitangaza kuwa pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili itauzwa shilingi 100. Wakati huo bei ilikuwa imepita 200. Septemba, siku ya kuapishwa, Rais William Ruto akasema ruzuku za namna hiyo ni mzigo, na pesa zikaelekezwa kwenye mbolea: mfuko wa kilo 50 ushuke kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500.

Ukiishi Nakuru huhitaji mchambuzi akueleze nani alikuwa akilengwa. Unga ni wa mpangaji wa Kaptembwa na Rhonda, mitaa ya mjini, anayenunua kidogo kidogo jioni akitoka kibaruani. Mbolea ni ya mkulima wa Njoro, Molo na Kuresoi. Mimi naunga mkono mbolea, kwa sababu unga wa rahisi bila mahindi shambani haudumu, na ule wa 2022 haukudumu. Kinachonikera ni kwamba mkulima huahidiwa bei nzuri ya gunia, mpangaji naye akaahidiwa unga wa bei ya chini, kila mmoja kwenye mkutano wake, na hakuna anayeulizwa tofauti hiyo atailipa nani.

Na hao si watu wawili. Mpangaji wa Kaptembwa ndiye anayetuma pesa nyumbani mvua ya Machi ikikaribia ili mama anunue mbolea. Mahindi yakivunwa, gunia linamfikia mjini juu ya matatu. Chama kinawahesabu kama makundi mawili, ilhali ni mtu na mamake.

Kina mama nao huitwa kivyao, wakagawiwa leso, wakaimbishwa, wakaambiwa chama hiki ni chao. Matokeo ya 2022 yanapaswa kuwafumbua macho wanaofikiri kura ya kina mama hupatikana hivyo. Azimio, muungano wa Raila Odinga uliompinga Ruto, ilimweka Martha Karua kuwa mgombea mwenza, mwanamke wa kwanza kufika hapo katika muungano mkubwa, lakini Nakuru ilimpa Ruto kura nyingi zaidi. Siku hiyo hiyo, kaunti hii ilimchagua Susan Kihika kuwa gavana, Tabitha Karanja kuwa seneta, na wanawake wakashinda viti vya ubunge Naivasha, Gilgil, Njoro na Bahati. Wanawake wa Nakuru hawakufuata leso, wala hawakumfuata mwanamke kwa kuwa ni mwanamke. Walipima chama, walimpima mtu, walipima bei ya vitu. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Vijana wanaletewa jezi, mpira na mafuta ya kujaza pikipiki. Wilbaro, nembo ya UDA, chama cha Ruto, iliwagusa wengi, sikatai, kwa sababu ilimtaja mtu anayesukuma mzigo mjini na haikumdharau. Hata hivyo, walioandikishwa kupiga kura mwaka huo wenye umri wa chini ya miaka 35 hawakufika asilimia 40, na idadi yao ilikuwa imepungua ikilinganishwa na 2017. Kisha Juni 2024 vijana hao hao wakajaa barabarani, Nakuru ikiwemo, kupinga Mswada wa Fedha, wakisema hawana kabila, hawana chama. Walikuwa wameusoma mswada wenyewe, na mtu anayesoma mswada wa kodi huwezi kumshawishi kwa jezi.

Kuhusu kabila nitasema machache. Ibara ya 91 ya Katiba inakataza chama kuundwa kwa misingi ya kabila, dini au eneo. Lakini mgombea akitoka Subukia kwenda Rongai anabadilisha lugha, na mara nyingine anabadilisha ahadi pia. Sisi tulioona Nakuru ya Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, watu wakihama mitaa usiku, hatuwezi kulichukulia hilo kuwa mbinu ya kawaida ya kampeni.

Kwa hiyo chama kitakachotaka kura yangu 2027 kifanye mkutano mmoja, mkulima wa viazi wa Molo, mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha na mwendesha bodaboda wa Free Area wakiwa wamesimama pamoja. Kiseme kwa Kiswahili gunia la mahindi litauzwa bei gani, unga utauzwa bei gani, na pesa za kuziba pengo hilo zitatoka kwa kodi ipi.