Nusu Kilo Mara Tano

Mwaka wa pili wa diploma ya uandishi wa habari nilikuwa natafuta waziri wa kumwangusha. Sikuwa na ugomvi na waziri yeyote. Ila Madam wetu wa somo la habari za uchunguzi alikuwa ametusimulia sakata la Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura wa mwaka 2006, hadi Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na mimi usiku ule sikulala. Nilijiona nimesimama nje ya Bunge pale Dodoma, kinasa sauti mkononi, waheshimiwa wananikwepa.

Zoezi likatoka: kila mmoja alete habari moja ya uchunguzi, wiki tatu. Nikaifungua Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, nikaandika barua yenye mbwembwe kuomba nakala za mikataba, kisha nikasoma vizuri nikakuta taasisi ina hadi siku 30 za kujibu. Wiki tatu ni siku 21. Hesabu si fani yangu, lakini hiyo niliiona. Waziri akapona.

Ndipo nikageukia nyama.

Mtaani kwetu Mbagala kilio ni kimoja: kilo ya bucha si kilo. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Ninunue nusu kilo katika bucha tano, nikazipime kwa mizani ya shangazi yangu, ambaye naishi kwake na ambaye ana genge la mchele, maharage na dagaa. Ni ile mizani ya sahani juu na uso wa duara kama saa, mshale unazunguka. Usoni, pale juu ya namba za mwanzo, imebandikwa stika kubwa ya Yanga. Ishike hiyo stika kichwani. Mimi sikuishika.

Kusema kweli kilichonivutia zaidi ni kule kujificha. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijaamua, mimi nimevaa kofia na miwani ya jua. Simu nimeitia mfuko wa shati, kamera inachungulia. Nikifika bucha nasema kwa sauti nzito, "Nusu, mchanganyiko," halafu nageuza kifua kuelekea kwenye mizani ya jamaa. Bucha ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu muuzaji akaacha panga juu ya gogo, akanitazama kifuani.

"Dogo, zima tochi, utamaliza chaji."

Nilidhani nimebonyeza video. Nilikuwa nimebonyeza tochi. Bucha mbili nzima nimepita kifua kinawaka kama pikipiki.

"Halafu msalimie shangazi yako," akaongeza.

Nikamaliza mbili zilizobaki bila miwani. Nusu kilo 5,500, mara tano, shilingi 27,500 za matumizi ya mwezi zimekwenda. Nikakimbilia gengeni. Shangazi alikuwa amedamkia Tandale kufuata mzigo, hivyo maabara ilikuwa yangu peke yangu. Nikapima moja moja, nikaandika kwenye daftari: 575, 550, 525, 575, 550.

Nikarudia. Zilezile.

Nusu kilo ni gramu 500. Hakuna aliyenipunja. Wote watano walikuwa wamenizidishia! Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo akajiuliza ni lini mara ya mwisho bucha yoyote ya Dar es Salaam ilimzidishia mtu. Mimi nilikaa nikaandika kichwa cha habari: WAUZA NYAMA WAKARIMU. Ndani yake "imebainika" nilitumia mara saba.

Jioni shangazi alipika kielelezo chote na ndizi. Hakuuliza kimetoka wapi. Alikula, akalamba vidole, akasema, "Mungu akubariki na huo uchunguzi wako, baba. Kesho chunguza kuku."

Siku ya kuwasilisha nikasoma kwa sauti ya taarifa ya saa mbili usiku. Nilipofika "imebainika" ya tatu Madam alivua miwani.

"Bucha," akasema. "Mbagala. Wanazidisha."

"Ndiyo, Madam."

"Nyama yenyewe iko wapi?"

"Tuliila, Madam."

Darasa likaanza kuchemka. Akanyoosha kidole, wakatulia. "Haya. Mizani uliyopimia, yenyewe nani aliipima?"

Kimya. Nakiri swali hilo lilikuwa halijanipitia kichwani hata kwa bahati mbaya. Akanieleza kwamba kifaa unachopimia ukweli nacho ni chanzo, na chanzo hakihakikiwi kwa sababu tu mnalala nacho nyumba moja. Mizani ya biashara, akasema, inakaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, ikifaulu inabandikwa stika.

"Ya kwenu ina stika?"

"Inayo, Madam."

"Ya nani?"

"Ya Yanga."

Wenzangu wa Simba walitoka nje wakacheka huko, darasani hapakuwatosha.

Nikarudi nyumbani na paketi ya chumvi ya nusu kilo, haijafunguliwa. Nikaiweka juu ya sahani: 575. Vyanzo viwili, ndivyo tulivyofundishwa, nikaenda duka jingine nikanunua chumvi nyingine. 575. Nikachukua wembe, nikabandua stika polepole kama mtu anayefungua bahasha ya matokeo. Sahani tupu kabisa, na mshale umetulia kwenye 75, umejilaza kivulini mwa Wananchi. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba shangazi yangu hajui hata timu inaingia uwanjani na watu wangapi. Aliwahi kuniuliza kama Yanga na Taifa Stars zilishapatana.

Nikatoa 75 kwenye kila namba: 500, 475, 450, 500, 475. Bucha tatu kati ya tano zilikuwa zimenipunja, na kinara wao ni yule wa tochi. Kumbe habari nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, ila mwizi wa nyumbani aliwafichia wenzake wa nje.

Kanuni inataka mtuhumiwa apewe nafasi ya kujibu. Nikamsubiri mlangoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona umekumbatia mizani?"

Akaona stika imebanduka. Hakushtuka hata kidogo. Alikasirika tu kama mtu aliyekuta sufuria yake imetumika bila ruhusa.

"Nani kakwambia uchukue hiyo? Hiyo ya kuuzia."

"Kuna nyingine?"

"Ya kununulia iko uvunguni."

Nikaandika kwenye daftari. Mkono ulikuwa unatetemeka. "Shangazi, kila anayenunua nusu kilo unampunja gramu 75."

"Ada yako muhula huu shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

"Haya, msomi, gawa kwa hizo gramu zako uone umesomeshwa na maharage ya watu wangapi."

Sikugawa. Akavua kanga ya kichwani, akaketi, akaniagiza nirudishe stika yake palepale nilipoitoa, isipinde.

Niliandika habari upya: bucha tano, namba sahihi, aya nzima ya jinsi nilivyopima na kosa nililolirekebisha. Sehemu ya mizani niliandika kwamba ni mali ya mfanyabiashara mmoja wa Mbagala aliyeomba jina lake lihifadhiwe. Madam alinipa 68. Pembeni ya sentensi hiyo ya mwisho alichora mduara kwa kalamu nyekundu, akaandika:

"Habari ni huyu. Mfuatilie."