Ndege ndogo nazo zitajwe

Makala yenu imeeleza vizuri ujio wa ndege kubwa jijini, ikiwemo Boeing 767 ya mizigo ambayo Air Tanzania iliipokea Juni 2023, lakini imezipita kimya ndege ndogo zinazoruka kutwa kutoka Jengo la Kwanza la uwanja wa Julius Nyerere. Mojawapo, Cessna Caravan, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1982, ina injini moja tu ya tabaini, yaani mtambo unaozungushwa na gesi ya moto, inayozungusha pangaboi, nayo hutumia mafuta yaleyale ya ndege kubwa, ilhali ndege nyingi za injini za pistoni huhitaji petroli maalumu yenye madini ya risasi, ambayo kuipata mikoani ni shughuli. Hiyo ndiyo sababu imedumu. Si starehe, kwani starehe haimo. Nilipokwenda Mafia tulipimwa uzito sisi pamoja na mabegi yetu, kisha mama mmojawapo akaketishwa kando ya rubani, mkoba mapajani, akiitazama mishale ya vipimo bila kupepesa mpaka tulipotua. Ningependa mwandishi arudi na takwimu za safari hizo.