Fundi Atafikaje Pale Juu?

Kiyoyozi cha ofisi tuliyopanga hapa Mtwara mjini, ghorofa ya nne, kilikufa katikati ya joto la kaskazi. Fundi akaja, akaangalia, akauliza, "Bosi, hapa napitia wapi?" Ukuta mzima ni kioo kisichofunguka. Mashine ya nje imepigiliwa ukutani na chini yake hakuna hata pa kuweka unyayo. Mwishowe akatokea dirisha la choo, kamba kiunoni, ncha ya pili tumeifunga kwenye mguu wa meza. Mhasibu akakalia meza ili kuongeza uzito.

Tulicheka, lakini tangu siku hiyo kila nikiona jengo jipya la vioo najiuliza kama aliyelichora aliwahi kumfikiria mtu wa kulihudumia.

Pwani hii haisamehe. Upepo wa kusi unaleta chumvi, chumvi inapenya kwenye zege hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege linapasuka kwa ndani kabla hujaona chochote nje. Ndiyo maana zege linaloifunika nondo huku linatakiwa kuwa nene na lisiwe na vitundu. Skrubu ya chuma cha kawaida kwenye fremu ya aluminiamu nayo ni ugomvi: metali mbili zikikutana kwenye maji ya chumvi, moja inaila nyingine. Hayo mkandarasi makini anayajua. Kinachosahaulika ni kwamba hata kazi nzuri itahitaji kukaguliwa, kuoshwa na kupakwa rangi, na kwa hilo lazima mtu afike.

Mimi ningeanza na kibaraza. Chembamba tu, sentimita 80 hivi, kikizunguka kila ghorofa, chenye kizuizi cha kushika. Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana huwa juu na kibaraza hulikinga vizuri upande wa kaskazini na kusini. Korofi ni la asubuhi na la jioni, linaloingia chini chini. Huko mashariki na magharibi punguza madirisha, weka ngazi na stoo. Chini ya kibaraza, mvua nayo haipigi sana ukuta moja kwa moja. Na fundi anatembea kwa miguu yake hadi kwenye mashine, anafuta kioo, anarudi kunywa chai.

Malaysia kuna Menara Mesiniaga, jengo la ghorofa 15 lililokamilika 1992. Vyoo, ngazi na sehemu za kusubiria lifti hupata hewa na mwanga wa nje. Feni na taa chache, vitu vichache vya kuharibika.

Najua jibu la wenye majengo: kibaraza kinakula eneo la kupangisha. Sawa. Lakini pigeni hesabu ya kusimamisha mirunda ghorofa tano kila rangi inapobabuka, wapangaji wakinung'unika kwa vumbi. (Mabomba yaliyozikwa ukutani siyagusi leo, nitapandisha presha bure.)

Kiyoyozi chetu kimeanza kuvuja tena. Nimempigia yule fundi. Kabla ya bei, ameuliza kama mhasibu bado yupo.