Gluu na vumbi la mbao si dawa ya kila tundu

Mafundi wengi hapa Mombasa, kuanzia Majengo mpaka Kisauni, ukiwauliza hili tundu tulizibe na nini jibu ni lilelile, chukua vumbi la msumeno changanya na gluu nyeupe, shindilia, kesho piga msasa. Mimi nasema kama kazi yenyewe itapakwa vanishi basi hapo meza nzuri ishaharibika, na inaniuma manake mbao siku hizi, haswa mvule, si kitu cha kuchezea, mtu amejinyima mpaka akaipata.

Gluu nyeupe ikishakauka hainywi rangi, ndo shida yake. Mbao iliyo pembeni inakunywa steni, ile rangi nyepesi inayopenya mbao, vizuri alafu pale kwenye tundu panakataa, unabaki na doa lenye mng'ao wa plastiki na mgeni akiingia sebuleni jicho lake linatua hapo hapo. Tena gluu ina maji, yakishatoka fila, yaani kile ulichozibia tundu, inasinyaa, kishimo kinarudi. Kwa ufa mwembamba kama unywele sina ugomvi, ila tumia vumbi laini la msasa, sio lile la msumeno lenye chembe kubwa. Tundu la kuingia kidole, hapana.

Cha kwanza kujiuliza ni kazi itamalizwa na nini, fila baadaye. Kabati la jikoni la saiprasi linapakwa rangi ya mafuta? Nenda hadiwea ukanunue puti ya magari, ile bodi fila ya kuchanganya na hadna, dawa ya kuigandisha. Inakauka upesi, haisinyai sana, msasa unaipenda, na rangi ikishapita juu hakuna atakayejua. Hadna ni kama asilimia 2 tu ya puti, na kwa joto letu hili changanya kidogo kidogo la sivyo itagandia kwenye kibao kabla hujafika tundu la pili. Wanaoidharau ati ni ya magari siwaelewi kabisa. Lakini chini ya vanishi usithubutu, itaonekana kama kiraka cha simenti.

Sasa tuje kwa mvule. Anayeujua mvule analijua lile jiwe lake, madini ya chokaa yanajificha ndani ya mti, magumu kweli, msumeno ukiyagonga meno yanaisha, na ukishaling'oa unabakiwa na shimo katikati ya ubao mzuri mno. Hapo mimi naweka epoksi, ile gluu ya kuchanganya sehemu mbili ikaganda ngumu. Safisha shimo na patasi mpaka ufikie mbao ngumu, futa na thina manake mvule una mafuta yake, subiri ikauke, kama limetokeza upande wa pili bandika tepu chini, kisha paka epoksi nyepesi kwenye kuta za shimo peke yake uache ianze kushika. Hatua hii watu wanairuka alafu wanashangaa mapovu yanatoka wapi, kumbe ni hewa iliyo kwenye vinyweleo vya mbao inapanda juu. Ndo sasa ujaze, ipite juu ya ubao kidogo, na kama shimo ni refu jaza kwa awamu kwa sababu epoksi nyingi kwa mpigo mmoja inapata moto yenyewe mpaka inapasuka. Msasa kesho yake.

Na rangi jamani! Mvule uliotoka kwenye randa leo ni wa njano njano, ukikaa kwenye mwanga unakuwa kahawia iliyokolea. Ukifananisha fila na mbao ya leo, meza ikishakomaa utaona doa. Fananisha na vile itakavyokuwa. Makapi ya kahawa tungu yaliyokauka kabisa, ukiyasaga laini ukayatia kwenye epoksi, yanatoa weusi mzuri unaofanana na kifundo cha mbao, na kahawa hapa mjini haikosekani.

Lakini kuna mianya isiyotakiwa kuzibwa na kitu kigumu hata kidogo. Mbao zetu za pwani hazitulii, masika zinavimba, kaskazi zinasinyaa, na zinafanya hivo kwa upana, kwa urefu karibu hazisogei. Ufa ulioanzia mwisho wa ubao unafunguka na kufunga kila mwaka, ukiutia fila ngumu kaskazi basi mvua zikija mbao inavimba haina pa kwenda, inasukumana na fila mpaka ufa unaendelea mbele. Wazee wa majahazi walilijua hili zamani, ndo wakatia kalafati ya pamba kati ya mbao, chombo kikishushwa majini mbao zinavimba na pamba inabanika bila kupasua kitu. Kwenye meza mimi napiga kipande cha mbao chenye umbo la kipepeo kukatiza ufa, usiende mbele, na ufa wenyewe nauacha uonekane. Kuna wateja wanakataa, nawaeleza, nashukuru wengi wanakubali.

Shimo kubwa zaidi ya lile la jiwe la mvule, kwa mfano kifundo kilichodondoka kizima, naona hata epoksi haifai, weka kiraka cha mbao. Kikate kwenye kipande kilichobaki cha ubao uleule, nyuzi zielekee upande mmoja na za ubao, kingo zake uzilaze kidogo ili kikigongwa kikaze, gluu nyeupe hapa ndo kazi yake halali, kikauke, alafu randa iliyonolewa vizuri. Kinakunywa vanishi sawa na mbao nyingine na kinavimba na kusinyaa pamoja nayo. Kinachofanya mafundi wakikwepe ni muda, kiraka kimoja kinaweza kukula asubuhi nzima na mteja haoni alicholipia, kwa hivo bei yake itajwe mapema, kabla mbao haijapanda mezani, na mteja naye akubali kuilipa.