Programu imejaribiwa ngazi gani?

Tarehe 25 Desemba 2021, darubini ya anga ya James Webb ilipoachana na roketi ya Ariane 5, kituo cha Malindi, kule Ngomeni, ndicho kilichonasa ishara zake. Lakini roketi ya kwanza ya aina hiyo, tarehe 4 Juni 1996, haikumaliza hata dakika moja angani. Programu yake ya kompyuta ilikuwa na kipande kilichotolewa kwenye Ariane 4, ambako kilifanya kazi vizuri. Ariane 5 ilikwenda kasi zaidi, namba moja ikazidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa, roketi ikapinda na kulipuka.

Ndiyo maana mtu akiniambia programu yake imejaribiwa, namuuliza: ngazi gani? Kipande kimoja kimoja, vipande vikishaunganishwa, mfumo mzima, au mikononi mwa mtumiaji?

Wanaotetea majaribio ya vipande wana hoja nzito. Mike Cohn, mwandishi wa vitabu vya uundaji wa programu, mwaka 2009 aliyapanga majaribio yote kama piramidi: ya vipande mengi chini, ya mfumo mzima machache juu. Mamia ya yale ya vipande humalizika kwa sekunde, na likifeli moja unajua mstari wa kurekebisha. Jaribio la mfumo mzima hukwambia kuna ugonjwa, halikwambii uko wapi.

Nakubali. Ila tulipoandika programu ya kurekodi samaki dikoni, pale wavuvi wanapowashusha, kipande cha bei kilipita, cha malipo kikapita. Kuviunganisha, malipo yakagoma: kimoja kilihifadhi namba ya simu kwa 07, kingine kilitaka 254. Kila kimoja tulikuwa tumekijaribu kwa namba ya kubuni iliyokifaa chenyewe. Tulipomaliza hilo, mama mmoja mnunuzi akaishika simu, akauliza: "Mwanangu, mtungo naandika wapi?" Tulikuwa na kilo tu, na pale tafi wadogo huuzwa kwa mtungo, yaani wametungwa pamoja kwenye kamba. Jaribio la kipande lisingeuliza swali hilo kamwe, maana tulijaribu tulichokiwaza sisi.

Penye waandishi wa programu kumi wanaobadilisha kazi ile ile kila siku, piramidi ni lazima. Bila hiyo hakuna atakayethubutu kugusa kitu. Kwa timu ya watu wawili, ningeweka majaribio ya vipande penye hesabu za pesa, nguvu iliyobaki niipeleke kwenye maungio, na yule mama nimkabidhi simu wiki ya kwanza, si ya mwisho. Kisanduku cha mtungo sasa kipo, juu ya kile cha kilo.