Arusha inavyopanuka: barabara pana isiyo na pa kutokea

Sensa ya 2012 ililikuta Jiji la Arusha likiwa na watu 416,442; ile ya 2022 ikakuta 617,631. Anayefika Muriet, Olasiti au Moshono huliona ongezeko hilo kwa macho: shamba la ekari moja linakatwa viwanja vya hatua 20 kwa 20 (kama mita 20 kwa 20), muuzaji anaacha njia moja katikati, na njia hiyo inakomea kwenye michongoma ya jirani, ambaye naye siku akiuza ataacha ya kwake ikianzia upande mwingine. Nyumba mbili zilizopeana mgongo husikilizana redio, lakini mama anayetaka kumpelekea mwenzake mboga analazimika kuzunguka hadi barabara kubwa ndipo aingie tena.

Wanaotetea mitaa ya namna hii wana hoja. Mtaa usiotokea haupitwi na bodaboda za mwendo kasi, na mgeni akiingia anajulikana mara moja. Mji wenyewe umekatwa na mito kama Themi na Naura, na kuvuka korongo kunadai daraja. Hoja nzito zaidi ni ya mwenye shamba: UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, linapendekeza asilimia 30 ya ardhi ya mji iwe barabara, na kwenye ekari moja hiyo ni takriban mita za mraba 1,200, yaani viwanja vitatu vya ukubwa ule.

Hesabu hiyo, kwa maoni yangu, inasomwa nusu. Shirika hilo hilo linapendekeza pia walau kilomita 18 za barabara na njia panda 80 hadi 100 katika kila kilomita ya mraba. Tuchore basi mitaa kila baada ya mita 100, kwa urefu na kwa upana: tunapata kama kilomita 20 za mitaa na njia panda 100. Mitaa yote ikiwa na upana wa mita 15, karibu asilimia 30 ya ardhi imekwenda. Ikiwa na mita 6, ni asilimia 12 tu, na njia panda ni zile zile 100. Kinachomla mwenye shamba ni upana, wala si muunganiko. Hata hivyo, katika kikao cha urasimishaji, yaani cha kupima na kutambua rasmi viwanja vilivyokwisha kukatwa, nilichohudhuria, tulibishana muda mrefu kama njia iwe mita nne au sita, na hakuna aliyeuliza inatokea wapi.

Kosa hili hudumu. Utafiti wa Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, uliochapishwa 2020, ulionyesha kuwa mitaa iliyojengwa duniani tangu 1975 imezidi kupungukiwa muunganiko, na kwamba mtaa ukishachorwa ni vigumu kubadilika. Nyumba hubomolewa ikajengwa nyingine, mabomba hufukuliwa, lakini mpaka wa kiwanja chenye hati hausogei. Kaloleni, kata ya Arusha iliyochorwa zamani kwa mitaa inayokatana, bado mtu anakata mtaa kwa mtaa kwa miguu hadi Soko la Kilombero.

Mwenye hofu ya bodaboda naye anaweza kusikilizwa, kwa kuwa upenyo wa mita mbili nyuma ya shamba hupitisha mwanafunzi na mama mwenye beseni, na mawe mawili mdomoni mwake huzuia pikipiki. Kwa urefu wa mita 20, upenyo huo ni mita za mraba 40, sehemu ya kumi ya kiwanja kimoja, na unahitaji majirani wawili kukubaliana kabla bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, hazijafukiwa.