Kuuza dawa kwa hasara

Mgonjwa anafika dirishani na cheti cha daktari. Mfamasia anaingiza jina la dawa kwenye kompyuta, na kabla hajashika chupa jibu limesharudi: bima italipa kiasi hiki. Nacho hakifikii hata bei aliyoinunulia kwa jumla. Amrudishe mgonjwa, au amhudumie na kumeza hasara?

Ndiyo maana jimbo la Arkansas, Marekani, lilitunga Sheria Namba 900 mwaka 2015. Wasimamizi wa mafao ya dawa, hao madalali wanaosimama kati ya bima na duka, walikatazwa kumlipa mfamasia chini ya bei aliyonunulia. Chama chao kilikwenda mahakamani kikidai kuwa jimbo limeingilia sheria ya shirikisho ya mafao ya wafanyakazi ya mwaka 1974. Desemba 2020 Mahakama ya Juu ikawakatalia, kura 8 kwa 0.

Madalali nao wana hoja. Mwajiri mwenye watu majimbo mengi anataabika kila jimbo likiwa na kanuni zake. Tena anayebana bei anaweza kweli kumpunguzia mwanachama mchango wa bima.

Ila je, nafuu hiyo inamfikia? Mwaka 2018 mkaguzi wa hesabu wa jimbo la Ohio alipekua malipo ya Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo. Kati ya fedha walizopokea madalali na zile zilizofika madukani, pengo la mwaka mmoja lilikuwa dola milioni 224.8. Kwa dawa za jenereki, yaani nakala za bei nafuu za dawa zenye chapa, peke yake lilizidi asilimia 31. Yaani kila dola 100 iliyotoka, zaidi ya 31 haikumfikia aliyehesabu vidonge. Hizo ni kodi za wananchi, na mfamasia alikuwa akiambiwa fedha hazitoshi.

Wala hana pa kukimbilia. Mwaka 2023 kampuni 3 za madalali hao, Caremark, Express Scripts na Optum Rx, zilishughulikia karibu asilimia 80 ya vyeti vya dawa nchini humo, na zote zina kampuni dada zinazouza dawa. Anayempangia bei ni mshindani wake.

Mwaka 2025 Arkansas ikaenda mbali zaidi, ikawapiga marufuku madalali kumiliki maduka ya dawa. Julai jaji akaisimamisha sheria hiyo. Hapo nasita, kwa kuwa CVS, kampuni mama ya Caremark, ilisema ingefunga maduka 23, na kila duka lina wagonjwa wake. Lakini kumlipa mfamasia walau bei aliyonunulia? Hilo sioni la kubishania.